Kifungu Kilichoandikwa Kwenye Kadi Yako

Tarehe 13 Septemba 2024, jijini Berlin, Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz walishuhudia utiaji saini wa mkataba wa uhamiaji kati ya Kenya na Ujerumani. Muda si muda habari ikasambaa kwamba Ujerumani imewafungulia Wakenya nafasi 250,000 za kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha hadharani: mkataba hauna idadi yoyote ndani yake, na kila mwombaji atatimiza masharti yaleyale ya sheria. Lakini kanusho halikufika kule uvumi ulikokwisha kufika. Simu yangu ilijaa ujumbe kutoka Mombasa, Arusha, Mwanza, hata Bujumbura. Mabinti na vijana waliosomea uuguzi, wengine bado wako chuoni, wote na swali moja: "Shikamoo dada, hizo nafasi zinaombwa wapi?"

Swali ambalo ningependa waniulize haliji. Nikishapata viza, nini kinafuata? Wengi wetu tunaiona viza kama mlango, ukishavuka basi. Mimi ni muuguzi, Mtanzania, nafanya kazi katika hospitali moja hapa Ujerumani, na kwa muda niliokaa nimeishi na karatasi za kila aina: viza, cheti cha muda, kadi ya kwanza, kadi iliyofuata, kila moja na sheria zake. Nimesindikiza wenzangu wengi kwenye ofisi za serikali, na jambo ninalowaambia kila mara ni hili: usiniambie una kibali, niambie una kibali cha kifungu gani cha sheria ya ukaazi. Ile namba ndogo inayotanguliwa na alama ya § ndiyo inayoamua ufanye kazi gani, kwa mwajiri yupi, mwenzi wako aje lini, na ukienda nyumbani ukae muda gani bila kupoteza haki ya kurudi. Nimekutana na wauguzi hodari, watu wanaokumbuka vipimo vya dawa za wodi nzima, lakini namba iliyo kwenye kadi yao wenyewe hawaijui.

Majina yetu matatu

Nianze na majina, maana hapa ndipo wengi wanapokwama kabla hata ya kupanda ndege.

Kwetu jina ni mlolongo: lako, la baba, la babu. Tuchukue jina la mfano, Asha Juma Salum. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina jina lake mahali pake na la baba yake mahali pengine. Cheti cha kidato cha nne kimeandika Asha Juma. Chuo cha uuguzi kikaandika Asha J. Salum, leseni ikafuata chuo, kitambulisho cha taifa cha NIDA kikaandika yote matatu, na pasipoti ikaweka Salum kama jina la ukoo. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Kila mtu anajua ni Asha yuleyule. Afisa wa Kijerumani anayepitia faili lake hana namna ya kujua. Kwake kuna jina la mtu na jina la familia, na jina la familia halibadiliki kutoka karatasi hii kwenda ile. Akiona Juma hapa na Salum pale, anaona watu wawili, na faili linakaa mpaka aletewe uthibitisho.

Jambo hili lina dawa, ila dawa yake inapatikana kwa urahisi zaidi ukiwa bado Tanzania. Tandaza vyeti vyako vyote mezani kabla ya kuvipeleka kwa mfasiri, uvisome herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa pia. Tofauti ikiwa ndogo, hati ya kiapo mbele ya wakili inaweza kutosha. Ikiwa kubwa, fuata njia ya kisheria ya kubadili jina, kisha NIDA na pasipoti zifuate. Baada ya hapo chagua mpangilio mmoja, ule wa kwenye pasipoti, na uushikilie kila mahali: mkataba wa kazi, benki, bima ya afya. Siku ya mtihani wa Kijerumani pale Goethe-Institut Upanga nenda na pasipoti, jina liandikwe kama lilivyo humo.

Nasisitiza kwa sababu jina haliishii kwako. Mtoto akizaliwa hapa, ofisi ya vizazi na ndoa, Standesamt, inataka vyeti vya kuzaliwa vya wazazi na cheti cha ndoa. Vikigongana, mtoto anaweza kuandikishwa na maelezo ya ziada kwamba utambulisho wa mzazi haujathibitishwa. Namjua mama aliyekaa na karatasi ya namna hiyo mpaka mwanawe akaanza kutembea. Yeye na mumewe walikuwa na cheti cha msikitini peke yake, na ikabidi ndugu zake wa Tanga wahangaike na usajili wa serikali huku yeye akipiga simu usiku baada ya zamu. Mtoto hakuwa na kosa lolote. Aliingia duniani na swali juu ya jina lake kwa sababu ya karatasi ambazo zingenyooshwa kabla ya safari.

Kuhusu viza yenyewe sitakaa sana. Tangu Januari 2025 maombi ya viza za muda mrefu yanaweza kuanzia mtandaoni, kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, kisha unakwenda ubalozini, kwa Dar es Salaam ni pale Umoja House, kutoa alama za vidole na kuonyesha vyeti halisi. Ada ni euro 75. Lililobadilika, na ambalo wengi hawajalisikia, ni kwamba zamani ukinyimwa ungeweza kuuandikia ubalozi ukiomba waangalie upya, bila malipo. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Sasa ukinyimwa unaomba upya, au unafungua kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin. Kwa hiyo usipeleke faili lenye mapengo ukitumaini kuyaziba baadaye.

Sanduku la barua

Ukishafika, una wiki mbili tangu uhamie kwenye nyumba kwenda kujiandikisha kwa anwani yako. Mkataba wa pango hautoshi. Lazima uwe na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung, kuthibitisha kwamba umehamia kweli. Kuna mawakala wanaowapangia wauguzi vyumba vya muda ambavyo wenyewe hawataki kuitoa karatasi hiyo. Ukiona dalili hizo, mwambie mwajiri mapema na kwa maandishi, kwa sababu usajili ndio unaoleta namba ya kodi, na mshahara wa kwanza usipokuwa na namba ya kodi unaweza kukatwa kwa daraja la juu kabisa. Tena anwani ndiyo inayoamua ni ofisi ipi ya wageni, ile inayotoa vibali, itakayoshika faili lako.

Siku hiyohiyo andika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Najua linasikika kuwa jambo dogo. Nchi hii, pamoja na utajiri wake, bado inaendeshwa kwa barua, na tarishi hataingia ndani kuuliza majirani. Akikosa jina, barua inarudi ilikotoka. Miadi ya ofisi ya wageni, namba ya siri ya kadi, majibu ya ofisi inayotambua taaluma yako, vyote vinapita kwenye tundu lile la bati.

Halafu kuna bahasha za njano. Hizo ni barua za kisheria, na tarehe ambayo tarishi ameandika juu ya bahasha ndiyo siku muda wako ulipoanza kuhesabiwa, hata kama ulikuwa zamu za usiku mfululizo ukaifungua wiki iliyofuata. Usiitupe bahasha. Nenda moja kwa moja mwisho wa barua, kwenye kichwa kinachosema Rechtsbehelfsbelehrung. Hapo pameandikwa unaweza kupinga kwa nani na ndani ya muda gani, mara nyingi mwezi mmoja. Wapo wenzetu waliozikusanya barua za aina hii kwenye droo kwa woga, wakisubiri wamwone mtu anayejua Kijerumani vizuri zaidi. Woga huo naujua na sina neno baya la kuusema. Ila mwezi unakwisha.

16d na 18a

Sasa nije kwenye kifungu chenyewe.

Muuguzi aliyesomea Muhimbili, Bugando au KCMC akija Ujerumani haanzi kazi kama muuguzi kamili. Mamlaka ya jimbo inalinganisha masomo yake na ya Kijerumani, kisha inampa barua inayotaja mapengo. Mapengo hayo anayaziba kwa kipindi cha mafunzo ya kazini au kwa mtihani wa vitendo na wa mdomo, ambao ukishindwa unarudiwa mara moja. Sharti la lugha kwa kawaida ni kiwango cha B2. Akimaliza anapewa Urkunde, cheti kinachomruhusu kutumia jina la taaluma. Muda wote huo wa kati, kibali chake kwa kawaida ni cha kifungu cha 16d: kibali cha kutafuta utambuzi wa taaluma. Akishapata Urkunde, anahamia kifungu cha 18a, cha mtaalamu mwenye mafunzo ya kazi.

Kwa macho kadi hizi mbili zinafanana: plastiki ileile, picha ileile usiyoipenda. Lakini maisha yaliyo nyuma yake hayafanani.

Mwenye 16d amefungwa na mpango wake wa kutambuliwa. Kadi huwa inaambatana na karatasi ya kijani, Zusatzblatt, na humo mara nyingi limeandikwa jina la mwajiri na aina ya kazi. Watu wengi huiacha karatasi hiyo nyumbani wakidhani ni maelezo tu. Ni sehemu ya kibali. Kama imetaja nyumba ya wazee fulani, huruhusiwi kwenda kufanya kazi hospitali ya jirani kwa sababu tu wanalipa vizuri zaidi, mpaka ofisi ya wageni ikubali na kuibadilisha. Mwenye 18a ana nafasi kubwa zaidi, ingawa miaka ya mwanzo kubadili mwajiri bado kunahitaji idhini. Baada ya miaka miwili ya ajira yenye bima za jamii, idhini ya Shirika la Ajira haihitajiki tena.

Lipo jambo lingine, na hili ndilo linaloniuma kuona watu wakilikosa. Ukaazi wa kudumu kwa wataalamu, Niederlassungserlaubnis ya kifungu cha 18c, unaombwa baada ya miaka mitatu, pamoja na michango ya pensheni ya miezi 36 na lugha ya kiwango cha B1. Miaka hiyo mitatu ni ya kushika kibali cha kitaalamu kama 18a. Muda wa 16d hauingii. Sasa fikiria muuguzi aliyepata Urkunde yake mwezi Machi, akafurahi, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la familia, mwajiri akampandishia mshahara, na yeye akaendelea na kazi na kadi yake ya 16d kwa sababu tarehe yake ya mwisho ni Desemba. Anaona hana haraka. Lakini saa ya ukaazi wa kudumu haijaanza kugonga. Inaanza siku anapopewa 18a. Miezi tisa imekwenda hivihivi, na katika miezi hiyo amelipa kodi na bima kama kila mtu.

Kwa hiyo ukipata Urkunde, wiki hiyohiyo omba kubadilishiwa kibali. Usisubiri tarehe ya kadi. Na kama ofisi inakaa kimya, una haki. Sheria ya mahakama za utawala ya hapa, kifungu cha 75, inamruhusu mtu kufungua kesi ya ofisi kutochukua hatua ikiwa miezi mitatu imepita bila uamuzi na bila sababu ya kutosha. Sisemi kila mtu akimbilie mahakamani. Lakini barua ya heshima, inayotaja kifungu hicho na tarehe ya ombi lako, mara nyingi hupata jibu ambalo simu hazikulipata.

Kazi ikiisha kabla ya mkataba, kwa kufukuzwa au kwa kuacha mwenyewe, mwenye kibali cha kazi anatakiwa kuijulisha ofisi ya wageni ndani ya wiki mbili tangu ajue. Watu wanaogopa kusema wakidhani watafukuzwa nchini kesho yake. Kwa kawaida ofisi humpa mtu muda wa kutafuta kazi nyingine. Kunyamaza ndiko kunakoharibu, kwa sababu mwajiri naye ana wajibu wa kuripoti, na ataripoti.

Cheti cha muda, na msiba wa nyumbani

Tarehe ya mwisho ya kibali inakaribia, umeomba kuongezewa, na ofisi haina miadi mpaka miezi mingi ijayo. Hali hii ipo katika miji mingi, na wala si kwa sababu maafisa ni wabaya. Mafaili ni mengi kuliko mikono. Sheria imeweka njia. Ukiomba kabla kibali hakijaisha, kibali cha zamani kinaendelea kuwa na nguvu mpaka uamuzi utoke, na ofisi inakupa cheti cha muda, Fiktionsbescheinigung, kama ushahidi. Maneno ya kushika hapo ni "kabla hakijaisha". Ukichelewa, kuendelea kwa kibali kunabaki mikononi mwa afisa, na hapo huna cha kudai. Peleka ombi mapema, hata kwa barua pepe au kwa fomu ya mtandaoni, na utunze uthibitisho wa tarehe.

Ndani ya Fiktionsbescheinigung kuna visanduku vitatu, na kimoja kimetiwa alama. Hapa namba inarudi tena. Alama ikiwa kwenye kile kinachotaja kifungu cha 81 ibara ndogo ya 4, kibali chako cha awali kinaendelea, unaruhusiwa kufanya kazi kama mwanzo, na unaweza kutoka nchini na kurudi. Ikiwa inataja ibara ndogo ya 3, unaruhusiwa kubaki, lakini ukitoka huwezi kurudi kwa karatasi hiyo. Karatasi ni ileile kwa nje.

Wakati wa amani hakuna anayeangalia visanduku. Tunaangalia simu inapolia usiku wa manane na mtu anasema mzee ametutoka. Kwetu maziko hayasubiri. Kwa Waislamu ni siku hiyohiyo au ya pili yake, na hata pale mwili unapohifadhiwa, watu wako wanataka wakuone. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake huko Muheza akiwa na cheti cha muda mkononi na kadi iliyokwisha muda. Kikundi cha WhatsApp kiligawanyika nusu kwa nusu. Wengine walimwambia akitoka harudi. Wengine wakamwambia aende, Mungu atajalia. Kumbe jibu lilikuwa kwenye mkoba wake. Tulikifungua kile cheti mezani, tukaona ibara ndogo ya 4, akaenda akamzika baba yake, na akarudi.

Hakurudi kirahisi lakini. Mfanyakazi wa kaunta uwanja wa ndege Dar es Salaam hakuwahi kuiona karatasi kama ile, na kadi aliyoonyeshwa ilikuwa imepitwa na tarehe. Akampigia msimamizi wake, msimamizi akapiga kwingine, na abiria wakaitwa kupanda huku yeye bado amesimama. Alisafiri mwishowe. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia abebe cheti chenyewe, kadi ya zamani, pasipoti, barua ya mwajiri, afike uwanjani mapema, na achague njia isiyopita nchi nyingine ya Schengen: Addis Ababa, Doha au Istanbul, kisha moja kwa moja Ujerumani. Kwa mlinzi wa mpaka wa Kijerumani hiyo ni karatasi ya nyumbani. Kwa wa nchi nyingine inaweza kuwa mjadala usioutaka ukiwa na kilio.

Pasipoti yetu, uraia wetu

Kibali hakitolewi kuzidi uhai wa pasipoti. Ukiwa na pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja, usishangae kupewa kadi ya mwaka mmoja, halafu ulipie tena kadi mpya ukishapata pasipoti mpya, ada inayofika euro 67. Na pasipoti mpya ya kielektroniki mara nyingi maana yake ni safari ya kwenda ubalozini Berlin, siku ya mapumziko iliyoombwa mapema na tikiti ya treni. Anza mapema. Pasipoti ndiyo msingi wa makaratasi yote haya.

Kuna sheria nyingine ambayo haimo kwenye kadi, na ni ngumu kuliko zote kwa watu wenye wazazi wanaozeeka. Kifungu cha 51 kinasema kibali kinakufa ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, na hilo linaugusa hata ukaazi wa kudumu, isipokuwa kwa waliokaa muda mrefu sana na wana kipato cha uhakika. Kinakufa chenyewe, bila barua, bila bahasha ya njano. Kuna njia ya kuomba ofisi ikupe muda mrefu zaidi kabla hujaondoka, na ukiwa na sababu ya kweli, kama kumuuguza mzazi, inafaa kuomba. Lakini ni kabla ya kuondoka. Mtu akishapita miezi sita yuko Korogwe anamgeuza mama yake kitandani, hana tena cha kuombea.

Ndiyo maana wengi wanauangalia uraia. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inamruhusu anayepewa uraia wake kubaki na ule wa zamani, na muda wa kukaa umepunguzwa kutoka miaka minane hadi mitano. Njia ya haraka ya miaka mitatu iliyokuja na sheria hiyo ilifutwa Oktoba 2025. Ada ni euro 255. Hapa pia namba ina usemi: mwenye 16d hapewi uraia kwa kibali hicho, hata akitimiza miaka.

Mwenzangu wa wodini, Mkenya, aliipeleka fomu yake akiwa anacheka. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mimi sikuweza kucheka naye. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania. Ujerumani ilikuwa ndiyo inayotulazimisha kuchagua; sasa imeacha, na anayenilazimisha ni nchi yangu mwenyewe. Serikali imeleta hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, na nashukuru kwa hatua hiyo, lakini hadhi si uraia, na mwenye hadhi hapigi kura. Natuma pesa za matibabu na za ada za shule kila mwezi kama maelfu wengine. Nawaomba wabunge wetu Dodoma walifikirie jambo hili wakiwa na sura za watu hawa mbele yao.

Pa kuuliza

Kabla ya kulipa wakala au mtu wa kikundini anayejiita mshauri, tafuta ofisi ya Migrationsberatung iliyo karibu nawe. Ni ushauri wa bure kwa wahamiaji watu wazima, unaolipiwa na serikali ya shirikisho na kutolewa na mashirika kama Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu. Huna haja ya kuwa Mkristo, wala ya kuwa na Kijerumani kizuri. Hawaripoti habari zako kwa ofisi ya wageni. Kwa mambo ya mkataba wa kazi, hasa vile vifungu vinavyokutaka urudishe maelfu ya euro ukiacha kazi kabla ya muda, kuna washauri wa mpango wa Faire Integration, nao ni bure. Nenda na kadi, karatasi ya kijani, mkataba na barua zote, hata zile ambazo hujazifungua.

Mimi nimeamua kubaki na pasipoti yangu ya Tanzania. Ukaazi wa kudumu ninao, lakini mwaka huu naomba pia Daueraufenthalt-EU, ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, ambao unahitaji miaka mitano ya ukaazi na michango ya pensheni ya miezi 60. Sheria inaruhusu kuvishika vyote viwili. Tofauti ninayoitafuta ni moja: huo unaniruhusu kukaa nje ya Umoja wa Ulaya hadi miezi 12 badala ya sita, na mama yangu Tanga ameanza kuhitaji mtu wa kukaa naye.